Faharasa za Jedwali: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba information_schema, yaani orodha zinazoeleza muundo wa hifadhidata, kwa kuwa imo katika kiwango rasmi cha SQL, itaonyesha faharasa za jedwali (index, miundo inayoharakisha utafutaji wa data) katika hifadhidata yoyote. Kiwango hicho hakizungumzii faharasa hata kidogo, na ndiyo maana kila mfumo umejitungia njia yake: PostgreSQL ina pg_indexes, Oracle ina USER_INDEXES, SQL Server ina sys.indexes, na MySQL ina SHOW INDEX pamoja na STATISTICS, ambayo imewekwa ndani ya information_schema kama nyongeza. Anayeitegemea information_schema kwenye PostgreSQL atakuta masharti tu, kama ya ufunguo msingi (primary key) na ya upekee, kisha aamini kimakosa kwamba hakuna faharasa nyingine. Hata katika orodha sahihi, jibu tupu si ushahidi: Oracle huhifadhi kwa herufi kubwa majina yasiyotiwa alama za nukuu, ilhali PostgreSQL huyahifadhi kwa herufi ndogo, hivyo jina lililotafutwa kwa herufi zisizolingana halitapatikana.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila ufunguo wa kigeni (foreign key, safu inayorejelea jedwali jingine) huja na faharasa yake. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, huiunda yenyewe isipokuwepo, PostgreSQL haiundi.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba faharasa iliyoorodheshwa ni faharasa inayofanya kazi. Katika PostgreSQL, amri ya CREATE INDEX CONCURRENTLY, inayounda faharasa bila kuzuia uandishi wa data, ikishindwa katikati inaweza kuacha faharasa batili, ambayo pg_indexes huionyesha sawa na nyingine zote, ingawa hakuna hoja (query) itakayoitumia na huenda bado ikaongeza kazi kila data inapoandikwa. Ukweli wake umo katika safuwima ya indisvalid ndani ya pg_index, ambayo wengi hawaifungui.

Kinyume chake, faharasa ambayo idx_scan yake, yaani hesabu ya PostgreSQL ya mara ilizotumika kusoma data, ni sifuri huhukumiwa kuwa mzigo na kufutwa upesi. Hesabu hiyo huanzia pale takwimu zilipofutwa mara ya mwisho, haijumlishi usomaji unaofanyika kwenye seva ya nakala, na haihesabu ukaguzi wa upekee unaofanywa wakati wa kuingiza data. Hivyo faharasa inayozuia namba za wateja zisijirudie inaweza kuonekana haina kazi. MySQL, tangu toleo la 8.0, humruhusu msimamizi kuificha kwanza faharasa kwa INVISIBLE ili hoja zisiitumie, nayo huendelea kusasishwa na kulinda upekee, hivyo kuirudisha huhitaji amri moja tu.