Maumivu ya tumbo la chini kwa mwanamke anayeishi na VVU: maswali na majibu

Tumbo la chini linaniuma wiki ya pili sasa. Natumia ARV. Ndizo zinazonisumbua?

Naanza na swali hili kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi. Mtu akishajua ana VVU, kila kinachomuuma hukisingizia virusi au vidonge. Kweli ARV huweza kuleta kichefuchefu au kuharisha, hasa wiki za mwanzo. Lakini maumivu yaliyoweka kambi chini ya kitovu, yanayozidi wakati wa tendo la ndoa, yakiambatana na uchafu ukeni wenye harufu, homa, au damu inayotoka nje ya siku zako, hayo yana chanzo chake. Huenda ni PID: maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni, yakavuka shingo ya kizazi na kufika kwenye mji wa mimba, mirija ya uzazi, pengine hadi ovari. Wapo wanaoyaita chango wakayazoea miaka nenda rudi.

Vijidudu hufikaje huko juu?

Kwa kawaida shingo ya kizazi huzibwa na ute mzito. Magonjwa ya zinaa ya kisonono na klamidia huvunja kinga hiyo, na njia ikishafunguka bakteria wengine hufuata nyuma. Ndiyo maana PID mara nyingi ni mchanganyiko wa vijidudu, na ndiyo maana dawa yake si moja. Huweza pia kuanza baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa huua bakteria wanaoulinda, wale wa harufu kama ya samaki wakachukua nafasi. Uke hujisafisha wenyewe; osha nje kwa maji, basi.

Kwa anayeishi na VVU kuna jingine la kukumbuka: kifua kikuu. Kinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye mirija na kukaa kimya muda mrefu. Ikiwa umetibiwa PID vizuri na maumivu hayaondoki, unapungua uzito na kutokwa jasho usiku, muulize daktari kuhusu TB ya via vya uzazi.

Kwa hiyo VVU vinaufanya ugonjwa huu kuwa mwingine?

Dalili ni zile zile, dawa ni zile zile, na wanawake wenye VVU hupona kwa dawa hizo kama wengine. Tofauti iliyoonekana ni kwamba wao hupata zaidi jipu la mirija na ovari, yaani usaha unaojikusanya ndani. Jipu hilo huonekana kwa ultrasaundi. CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zikiwa chini sana, daktari makini hatakuacha uende nyumbani bila kukupangia siku ya karibu ya kurudi.

Nikifika, nitapimwa vipi?

Hakuna kipimo kimoja cha damu au mkojo kinachosema hii ni PID. Kipimo cha ujauzito hufanywa mapema, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma vivyo hivyo na inaua. Kisha daktari au muuguzi atavaa glavu, ataingiza vidole viwili ukeni na kuisogeza kidogo shingo ya kizazi upande huu na huu, mkono mwingine ukiwa juu ya tumbo. Mwenye PID mara nyingi hapo hujivuta kuelekea kichwani mwa kitanda kabla hata hajaulizwa kama anaumia. Usijikaze ili uonekane jasiri. Kushtuka kwako ndiko kunakompa daktari jibu. Akiona dalili zinatosha ataanza tiba bila kusubiri majibu ya maabara, maana mirija huharibika wakati karatasi bado ziko njiani.

Mwambie kwamba una VVU na mtajie ARV zako kwa majina. Najua ukiwa mbele ya mgeni inakuwa vigumu, ila bila hilo atakutibu akiwa amefumba jicho moja.

Dawa zenyewe ni zipi?

Asiyehitaji kulazwa hupewa sindano ya seftriaksoni mara moja, kisha vidonge vya doksisaiklini miligramu 100 na metronidazoli miligramu 500, kila kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 14. Hivyo ndivyo unavyosema mwongozo wa 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Mwongozo wa nchi yako unaweza kutofautiana kidogo.

Penye matatizo ni kwenye hizo siku 14. Siku ya nne au ya tano maumivu yanakata, mgonjwa anavifunga vidonge vilivyobaki na kuviweka kabatini. Usaha haujaisha, umetulia tu. Kunywa zote. Doksisaiklini imeze kwa maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, maana ikikwama kooni huunguza. Kama unatumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, pamoja na vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa za kiungulia, mwambie mfamasia akupangie saa: madini hayo hushikana na dolutegravir, hushikana na doksisaiklini pia, na dawa haiingii mwilini ipasavyo. ARV usiziache hata siku moja. Kama una mimba, sema mapema. Doksisaiklini haikufai, na PID ya mjamzito hutibiwa wodini.

Ndani ya saa 72 unapaswa kuona nafuu. Usipoiona, rudi.

Mume wangu hana dalili yoyote. Naye atibiwe?

Ndiyo, pamoja na kila uliyekutana naye kimwili katika siku 60 kabla ya dalili kuanza. Klamidia kwa mwanamume mara nyingi haina hata dalili. Msikutane hadi nyote mmemaliza dawa na wewe umepona. Wengine hujibu, “lakini virusi vyangu havionekani kwenye vipimo.” Vizuri sana, maana yake humwambukizi VVU. Kisonono hakijui habari hizo, kwa hiyo kondomu bado ina kazi.

Nina kitanzi. Kitolewe?

Si lazima. Tiba huanza kikiwa mahali pake, na kama hali haibadiliki ndani ya siku mbili tatu ndipo kutolewa kunafikiriwa. Kuwa na VVU peke yake hakumzuii mwanamke kutumia kitanzi.

Nitaweza kuzaa?

Wengi huzaa. Lakini kila shambulio linaweza kuacha kovu kwenye mirija. Utafiti mmoja wa Uswidi uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi uliona ugumba wa mirija kwa takriban 8 kati ya 100 baada ya shambulio moja, 20 baada ya mawili, na 40 baada ya matatu au zaidi. Mirija yenye makovu pia huongeza hatari ya mimba kutunga nje, kwa hiyo siku ukikosa hedhi, wahi kupimwa.

Ni lini nisisubiri hata asubuhi?

Ukiwa na homa kali, ukitapika kiasi kwamba vidonge havikai, tumbo likiwa gumu kama ubao, au ukizimia. Na ukiwa umepitiliza siku zako huku upande mmoja wa tumbo ukichoma, nenda usiku huo huo.