Biringanya Molo: joto liwe chini ya mbegu

Mama mmoja wa Elburgon, jirani na Molo, aliniletea trei yake mwezi wa Julai. Alikuwa amepanda mbegu za biringanya wiki tatu nyuma, akaiweka trei kibarazani ipate jua, akamwagilia asubuhi na jioni. Hakukuchomoza hata moja. Alidhani ameuziwa mbegu mbovu. Nilifukua chache kwa kijiti nikazikuta zimevimba, zimelainika, zimeoza. Nilimwambia, "Mama, mbegu hazikuwa na kosa. Zimekufa kwa baridi ya udongo."

Biringanya ni mmea wa joto. Mbegu yake huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya 15 inalala tu, na maji yakizidi inaoza. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na huko kitalu hakihitaji hila yoyote. Molo ni takriban mita 2,500. Jua la mchana linachoma kweli, lakini trei ina udongo kidogo, na usiku joto lote linaitoka. Ndiyo maana kipimajoto changu nakichomeka udongoni, tena alfajiri. Kipimo cha saa saba mchana kitakudanganya.

Ukiwa na trei moja au mbili, jikoni panatosha. Loweka mbegu usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, zifukie nusu sentimita hadi moja, funika trei kwa nailoni, kisha iweke kwenye rafu karibu na meko, mahali ambapo mkono unasikia joto bila kuungua. Ichungulie kila siku. Kikichomoza kichwa cha kwanza, itoe siku hiyo hiyo uipeleke penye mwanga. Mche ukibaki gizani siku mbili tu unarefuka kama uzi, na shina hilo halinenepi tena.

Kwa miche mingi mimi hutumia samadi mbichi. Nachimba shimo la kina cha nusu mita, nalijaza samadi iliyochanganywa na mabua ya ngano, nanyunyiza maji na kushindilia. Siku za kwanza linachemka hasa, laweza kupita nyuzi 60, na samadi ya kuku hutoa hewa kali inayounguza miche. Kwa hiyo nasubiri karibu wiki moja, harufu iishe na joto lishuke. Hapo natandaza udongo sentimita 10, napanga trei juu yake na kufunika kwa nailoni iliyoinuliwa kwa fito. Joto hilo halizimiki usiku, na hilo ndilo ninalolitafuta. Mchana nafunua pembeni ipite hewa.

Adui anayefuata ni kinyausi: mche unanyongeka shinani na kulala chini. Kuvu wake hupenda udongo wenye majimaji na baridi. Mimi humwagilia mara moja, saa nne asubuhi, kwa maji yaliyokaa juani, ili uso wa udongo ukauke kabla ya jioni. Na tafadhali, udongo wa kitalu usitoke kwenye shamba la waru, yaani viazi. Waru na biringanya ni ukoo mmoja, na mnyauko wa bakteria unaoua waru wetu utaua miche hii pia.

Miche ikiwa na majani mawili halisi naihamishia kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Huku kwetu hukaa kitaluni wiki nane hadi kumi. Napanda mbegu mapema Desemba ili maua yaje kabla ya baridi ya Juni na Julai, kwa sababu usiku wa baridi huyaangusha. Kabla ya kuipeleka shambani naizoesha nje siku kumi, kwanza saa chache tu, na Januari usiku ukiwa hauna mawingu nairudisha ndani, maana sakitu (umande ulioganda) huanguka alfajiri.