Kikombe kwenye Msumari: Mate Yanavyotukinga na Virusi

Katika nyumba moja karibu na mwalo wa Igombe, hapa Mwanza, niliona kikombe chekundu cha bati kimetundikwa peke yake kwenye msumari. Vingine vilikuwa kabatini. Kile kilikuwa cha binti wa nyumba hiyo, anayeishi na VVU. "Tunajikinga, daktari," mama yake aliniambia kwa upole. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ila kikombe kile kiliniuma. Kwa kikombe VVU haviambukizi, na sababu mojawapo ni mate yenyewe.

Kwa siku moja mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate. Yanatoka katika jozi 3 za tezi kubwa, zikiwemo zile za mbele ya masikio zinazovimba mtoto akiugua machubwichubwi, na katika mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kinywani. Karibu yote ni maji. Ila ule utelezi unaousikia ulimini ni musini, protini iliyovikwa sukari. Kirusi cha mafua hutafuta sukari ya namna hiyo juu ya seli zetu ili kijishikize. Kikiikuta kwenye mate hunasa humo kama dagaa wavuni, kisha tunakimeza. Zimo pia kingamwili, hasa IgA, zinazovizonga virusi visiguse seli.

Kwa VVU kuna jambo la ziada. Virusi hivi husafiri pia ndani ya seli nyeupe za damu. Mate yana chumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo seli hiyo ikitumbukia humo hufyonza maji, huvimba na kupasuka, kama maharage yaliyolowekwa yanavyopasua ganda. Kuna na protini za mate zinazodhoofisha kirusi chenyewe.

Mate hayazuii kila kitu. Virusi vya UVIKO-19 hupita humo humo, na vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mbwa mgonjwa. Ukiumwa na mbwa, usilitemee jeraha mate: lioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kinywa kikavu ni mlango usio na mlinzi. Wavuvi wanaokesha kwenye dagaa kwa sigara na pombe kali hurudi alfajiri ndimi zimegandamana. Bebeni maji yaliyochemshwa, ya ziwani msiyanywe hivi hivi. Baadhi ya dawa za mzio nazo hukausha mate; mwambie aliyekuandikia.

Mama yule alinisikiliza, akakishusha kikombe. "Na mswaki je?" Hapo nilimwambia kila mtu awe na wake, kwa sababu fizi hutoka damu.