Kitabu cha familia kinaanzia kwa koko

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nimepanga kadi za harusi, vitabu vya nyimbo za kanisa, ripoti za mashirika. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayoingia mlangoni ikiwa ndani ya simu. Mtu ananinyooshea simu yenye kioo kilichopasuka na kuniambia: "Familia yetu yote iko humu. Unaweza kututolea kitabu?"

Ninaweza. Lakini namwomba kwanza akae, kwa sababu kitabu cha familia si kumwaga simu kwenye karatasi.

Watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa kwa nini kitabu kinatakiwa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, mlima Nyiragongo, ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kushuka hadi ziwani. Waliokimbia walibeba watoto na godoro. Albamu zilibaki kabatini. Mpaka leo napokea familia ambazo hazina hata picha moja ya kabla ya mwaka ule. Nyumba yao iko chini ya makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, na juu ya makoro kuna nyumba nyingine. Picha zilizopona ni zile zilizokuwa zimetumwa mbali zamani, kwa shangazi wa Bukavu au kaka wa Kisangani. Jambo hilo nimelishika kama kanuni ya kazi, nami nitalirudia hapo chini.

Siku hizi albamu ni grupu ya WhatsApp. Humo kuna ubatizo, matanga, mtoto aliyefaulu mtihani wa serikali, na koko, yaani bibi au babu, akisimulia kwa sauti jinsi alivyofika Goma kwa miguu. WhatsApp ina njia ya kuhamisha mazungumzo yawe faili moja. Nafanya hivyo siku ya kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa simu huibiwa na simu huanguka majini. Ukiomba faili pamoja na picha utapata zile za karibuni tu, kwa hiyo za zamani zifuatwe katika simu za waliozipiga.

Na hapo ndipo penye shida kubwa ya kwanza. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi ikabaki na pikseli, yaani vinukta vya picha, kama 1600 upande mrefu. Kwenye kioo inang'aa vizuri. Kitabu kinataka nukta 300 kwa kila inchi, na ukigawa 1600 kwa 300 unapata inchi 5.3, yaani sentimita 13 na nusu. Picha hiyo inatosha kwenye ukurasa wa A5, nusu ya A4. Ukiitanua ijaze ukurasa wa A4, nyuso zinageuka ukungu. Kwa hiyo mpigie simu binamu aliyepiga picha ya harusi, mwambie aitume tena kama hati, si kama picha. Ikija hivyo inafika nzima.

Picha za karatasi zilizopona nazipitisha kwenye skana kwa nukta 600, ili kapicha kadogo kaweze kukua mara mbili bila kuharibika. Kama hakuna skana, iweke karibu na dirisha mahali jua lisipoipiga moja kwa moja, zima taa ya kamera ya simu, piga kutoka juu ukiwa umenyooka. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige hivyo hivyo kupitia kioo. Nimeona mama akimbandua marehemu baba yake, uso ukabaki kwenye kioo.

Kuna jambo moja ambalo wachapaji wengi hawalisemi: nyuso zetu nyeusi huzama kwenye karatasi. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Picha ya jioni chini ya balbu moja, ambayo kwenye simu unamtambua kila mtu, ikichapwa inakuwa mashati meupe yasiyo na vichwa. Mimi naangaza sehemu za kivuli na za kati peke yake, uso kwa uso, huku ukuta na nguo nikiziacha. Kisha nachapa ukurasa mmoja wa majaribio na kuutazama nje, mchana. Kazi hii inakula saa nyingi kuliko zote, na siwezi kuipunguza. Mtu hakuleta familia yake kwangu ili nimrudishie vivuli.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Chukua ya gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, isiyong'aa. Ile inayong'aa ikilowa kurasa hushikana kama ugali. Chapa kwa mashini ya leza, kwa kuwa unga wake huyeyushwa na kuganda juu ya karatasi, wakati wino wa printa nyingi ndogo huchuruzika tone la mvua likiingia. Na kitabu kishonwe kwa uzi. Karatasi nne zikikunjwa zinatoa kurasa 16, kifurushi kimoja. Vifurushi vinashonwa pamoja ndipo jalada liwekwe. Gundi peke yake hukauka, na kitabu kinachoshikwa na wajukuu wote kinaanza kuacha majani. Upande wa mshono acha pambizo ya milimita 20, la sivyo maneno yatamezwa.

Sasa sauti za wazee. Naziandika neno kwa neno, nami nakataa kuzisahihisha. Koko mmoja wa mtaa wa Majengo alisema hivi kuhusu 2002: "Tulikimbiaka na batoto bote, sufuria ya maharagi tukaiacha ku moto." Mjukuu wake, mwalimu, alitaka niandike Kiswahili sanifu. Nilimwomba asome kwa sauti maneno yote mawili, yake na ya koko. Alisoma, akanyamaza, akasema niache ya koko. Kinande, Kihunde, Mashi, Kinyarwanda, Kifaransa kikiingia katikati, nakiacha kikae pale kilipokaa mdomoni, na maana naiweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Baada ya hapo ndipo inakuja hatua ambayo familia nyingi hutaka kuiruka. Nachapa rasimu ya bei ndogo, nyeusi na nyeupe, herufi kubwa, kila picha ikiwa na mstari mtupu chini yake. Nawaambia: nendeni nayo kwa mzee kuliko wote, mkae naye mchana mzima, mwandike majina. Si "familia siku ya Noeli". Ni nani huyu, mtoto wa nani, hapa ni wapi, nani alikuwa nyuma ya kamera. Simu haijui hayo, na vijana hawayajui. Picha isiyo na majina, mzee akiondoka, inakuwa picha ya watu wasiojulikana.

Hatua hii nilijifunza kwa uchungu. Katika kitabu kimoja cha mwanzo nilipanga ukurasa wa watoto wa nyumba kwa kufuata picha nilizopewa, watoto sita. Rasimu sikuipeleka kwa mtu. Vitabu vilipofika, mama alipitisha kidole kwenye majina, akaniuliza taratibu: "Na yule wa tatu, mtoto wangu?" Alikuwa na watoto saba. Mmoja alifariki akiwa mdogo, hakuwa na picha hata moja. Nilirudia ukurasa ule katika kila nakala kwa gharama yangu, jina lake likiwa mahali pake, la tatu, na nafasi ya picha ikiwa tupu. Tangu siku hiyo siulizi "watoto ni wangapi?" Nauliza: "Mama, umezaa mara ngapi?"

Nakala ngapi? Hapa narudi kwenye kanuni yangu. Nakala moja si kitabu cha familia, ni albamu nyingine inayosubiri kuungua. Nakataa kuchapa chini ya tano, na naomba anwani zake kabla sijaanza kazi: moja Goma, moja Bukavu, moja kwa ndugu wa Kinshasa au Lubumbashi, moja nje ya nchi kama yupo aliyeko huko, na moja kwa koko mwenyewe. Faili la mwisho naliweka kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipolipuka tena, Jumamosi jioni, lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji. Siku tano baadaye tukaamriwa tuondoke, mitaa 10 ya mji. Nilitembea kuelekea Sake, mji wa jirani, katika ule msongamano, na mbele yangu alikuwa yule mama wa watoto saba, mfuko wa plastiki kifuani. Ndani mlikuwa na kadi yake ya mpiga kura, dawa za presha, na kitabu.