"Huu ni wa TRA": uongo wa bei unaomuumiza mnunuzi wa nyumba

Wiki iliyopita mteja aliniwekea mezani mikataba miwili ya nyumba moja ya Goba. Muuzaji yule yule, tarehe ile ile. Mmoja umeandikwa shilingi milioni 120. Wa pili umeandikwa milioni 60, na pembeni dalali ameandika kwa kalamu ya bluu: "huu ni wa TRA", yaani wa kupeleka Mamlaka ya Mapato. Mama huyu ni muuguzi, amejinyima miaka mingi kuipata fedha hiyo, na aliamini kabisa kwamba dalali amemsaidia. "Wakili, wameniambia kila mtu anafanya hivi. Napunguziwa kodi."

Nimechoka kuisikia kauli hii, na nachoka zaidi ninapoisikia kwa mtu ambaye hana fedha ya kupoteza.

Dhana: bei ndogo kwenye mkataba inamsaidia mnunuzi.

Haimsaidii. Tupige hesabu. Ushuru wa stempu, ule unaolipwa serikalini kwa hati ya mauzo, ni asilimia 1 ya bei, na ndio mzigo wa mnunuzi. Kwa mkataba wa milioni 60 badala ya 120, mama anaokoa laki sita. Faida yake inaishia hapo.

Sasa tuseme anaweka wapangaji, na baada ya miaka kadhaa anaiuza kwa milioni 150. Faida yake ya kweli ni milioni 30, na kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni milioni 3. Lakini makaratasi yanasema alinunua kwa milioni 60. Faida inasomeka milioni 90, kodi milioni 9. Laki sita alizookoa zimemla milioni sita. Wengine hudhani watakimbilia ile asilimia 3 ya bei, iliyowekwa mwaka 2022 kwa muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama. Mama, wewe kumbukumbu unayo. Iko kwenye faili TRA, na umeisaini mwenyewe.

Hayo ni ya kodi. Linalonikosesha usingizi ni jingine. Mauzo yakivurugika, akatokea ndugu wa muuzaji na kusema nyumba ni ya mirathi, ukaenda mahakamani kudai fedha yako, utadai kiasi gani? Mkataba uliosajiliwa unasema milioni 60. Nyingine ulitoa taslimu, kwenye mfuko wa kaki, bila risiti. Nimemwona baba mzima akilia ofisini kwangu kwa sababu hiyo, na sikuwa na cha kumpa. Ule mkataba mwingine, wenye bei ya kweli, haukulipiwa stempu ipasavyo, na hati isiyolipiwa stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu. Ukiutoa kabatini, unathibitisha pia kwamba mliidanganya TRA, na kutoa taarifa za uongo kwa TRA ni kosa.

Na mara nyingi hila yenyewe inagonga mwamba mapema. Mthamini anafika kwenye nyumba, anapima, anaandika ripoti, na ripoti inapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Thamani ikionekana kubwa kuliko bei ya kwenye mkataba, kodi inakokotolewa kwa hiyo kubwa. Hapo umelipa kodi yote na bado umebaki na mkataba wa uongo.

Nilimwomba mama ampigie muuzaji pale pale. Muuzaji akawa mkali: "Mimi nataka hela yangu safi. Kama hamtaki bei ndogo, hiyo milioni 12 ya kodi alipe yeye." Katika sentensi hiyo mna dhana mbili.

Dhana: kodi ni asilimia 10 ya bei.

Ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuuza. Baba huyu alijenga kidogo kidogo, tofali leo, bati mwakani, na hana risiti hata moja. Kwa hiyo anaangukia kwenye ile asilimia 3, na asilimia 3 ya milioni 120 ni milioni 3.6. Aliogopa kodi ya milioni 12 ambayo haikuwepo, na kwa woga huo alikuwa tayari kumtumbukiza mwenzake shimoni. Aliposikia hesabu, alikubali mkataba mmoja wa bei ya kweli. Na kama ni nyumba unayoishi, uliyoimiliki na kukaa humo miaka mitatu au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi kabisa.

Wajenzi, tafadhalini: nunueni faili la shilingi elfu mbili. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi dukani, ya kila mfuko wa saruji, kila nondo na kila trela la mchanga iingie humo. Na zipigeni picha, maana karatasi zake hufifia.

Dhana: kodi zote ni za mnunuzi.

Kisheria ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Mnaweza kukubaliana vingine, ila yaandikwe kwenye mkataba na yaingie kwenye bei mnayojadili. Bila uthibitisho kwamba kodi ya muuzaji imelipwa, hati haihami jina. Usimkabidhi muuzaji fedha yote kabla hajailipa. Mimi huacha sehemu ya malipo hadi risiti ifike.

Dhana: asilimia 10 ya mwenyekiti wa mtaa ni kodi.

Si kodi. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia 10 ya nyumba yako kwa kushuhudia mauzo na kugonga muhuri. Fedha hiyo haiendi TRA, na haikuondolei hata shilingi moja ya stempu.

Dhana: nikishika hati, nyumba ni yangu.

Hati yenye jina la mtu mwingine ni hati ya mtu mwingine, hata ukiilalia. Stempu ilipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, kisha uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Dhana: kodi ya nyumba nalipa kwenye LUKU.

Ile inayokatwa ukinunua umeme ni kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Haihusiani na kuhamisha umiliki. Haihusiani pia na kodi ya pango la ardhi, ambayo ni ya kila mwaka na wauzaji wengi huacha malimbikizo yake. Dai risiti ya pango ya mwaka huu kabla hujasaini chochote, na uihakiki ofisi ya ardhi mwenyewe, si kupitia kwa dalali.