Muulizeni mlinzi wa lango la zamani

Wiki moja baada ya kuhamisha dirisha letu la huduma kutoka jengo la zamani, jirani na bandari, kwenda upande wa Chumbageni, kijana wetu wa TEHAMA alikuja kikaoni na kompyuta mpakato iliyojaa grafu. Tangazo letu la mtandaoni lilikuwa limefunguliwa mara nyingi kuliko tangazo lolote tulilowahi kutoa. Tukapongezana. Mama wa masijala, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, akasubiri makofi yaishe, kisha akauliza: "Wanangu, hao waliofungua ni kina nani? Mie asubuhi nimepita lango la zamani, mlinzi koo limemkauka kwa kuelekeza watu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza mlinzi.

Mimi ni mtu wa mawasiliano katika taasisi ya umma hapa Tanga, na kisa hiki nakisimulia kila ninapoitwa kuzungumza na watumishi. Watu hupenda kutenganisha mambo mawili: ugomvi wa rika kazini huku, takwimu kule. Siku ile yalikaa meza moja.

Tuanze na rika. Katika utumishi wa umma mtu huweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Kwa hiyo chumba kimoja kinaweza kuwa na mtu aliyeanza kazi kwa taipureta na karatasi ya kaboni, barua ikibebwa mkononi na mhudumu na kusainiwa kwenye daftari la mapokezi, na pembeni yake akakaa binti aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, ambaye dokezo sabili, ile barua fupi ya ndani ya ofisi, amelijua siku alipoajiriwa. Kwa yule wa kwanza, neno halijasemwa mpaka liwe na kumbukumbu namba na folio, yaani namba ya karatasi, ndani ya jalada. Kwa binti, kusubiri jalada lizunguke meza nne ili mtu aandike "Nimeona" ni kupoteza siku.

Ukiwasikiliza vizuri hawagombani kwa sababu ya umri. Wanagombania kitu gani kinalifanya agizo kuwa rasmi, na ukimya una maana gani. Kijana akituma picha ya barua kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, kwake kazi imekwisha. Alama za buluu zimeonekana. Alama hizo zilianza mwaka 2014, na wengi wetu tumezigeuza kuwa saini. Lakini buluu inakwambia ujumbe umefunguliwa, basi. Haikwambii kama umesomwa mpaka mwisho, na kwenye mazungumzo ya watu wawili mtu anaweza kuizima asionekane kabisa. Mama wa masijala, kwa upande wake, aliiona ile picha, akanyamaza, akingoja karatasi. Kijana akausoma ule ukimya kuwa ni kukubali. Siku tatu zikapita.

Halafu kuna salamu. Kwa hili nasimama na wazee, na vijana wanisamehe. Mkuu wa idara akikuandikia ujumbe wa mistari sita, ukamrudishia kidole gumba, umemjibu kama unavyomjibu muuza vocha. Tanga hii mtu hata akipita na baiskeli anapunguza mwendo akusalimu. "Shikamoo mama, nimeupokea, nitaleta kesho saa nne" haikugharimu kitu.

Wazee nao wana yao. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao jambo lenyewe liko dakika ya tatu. Na mabaya zaidi, maagizo ya koridoni: bosi anakukuta unatoka msalani, anakwambia lile jambo lisimame kwanza, anakwenda zake. Wiki ya pili akiulizwa nani kalisimamisha, hakumbuki, na wewe huna pa kushika.

Sisi tuliandika ukurasa mmoja tu. Lolote linalogusa fedha, likizo au haki ya mteja liingie kwenye jalada, hata kama lilianza kwa simu. WhatsApp ni ya kugonga mlango, kumwambia mtu kuna kitu mezani kwake. La dharura apigiwe. Ukurasa wenyewe ulichukua vikao viwili, kimoja kizima kikiliwa na suala la nani aseme "nimepokea" kwanza.

Sasa takwimu. Zile grafu za kijana hazikuwa za uongo. Tatizo ni kwamba tangazo "kufunguliwa mara 4,000", tuseme, hakusemi limefunguliwa na watu 4,000. Mmoja kalifungua mara tano. Mwingine yuko Dar es Salaam, mwingine Muscat, amelipenda tu kwa sababu limetoka nyumbani. Na Mkoa wa Tanga ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 2.6 katika Sensa ya 2022. Takwimu ya mtandao humhesabu aliyefika mtandaoni. Yule asiyefika haonekani kama sifuri; haonekani kabisa.

Tukanunua madaftari mawili ya kaunta. Moja likawekwa dirisha jipya, jingine akapewa mlinzi wa lango la zamani. Hili la pili ndilo lililotufundisha. Dirishani unakutana na waliopata habari. Langoni unakutana na walioikosa. Ukihesabu upande mmoja tu utajisifu mpaka ustaafu. Mlinzi hakupewa fomu yoyote. Alipiga kijiti kwa kila aliyefika, vinne kisha cha tano kinakatisha, na pembeni akaandika anakotoka: barabara za namba za Ngamiani, Makorora, Pongwe.

Dirishani swali lilikuwa moja: "Habari hii umeipata wapi?" Kijana alitenga safu za ujumbe wa simu, redio, mtandao na gari la matangazo. Mama wa masijala akamwongezea mwenyekiti wa mtaa, msikitini, kanisani, na jirani. Safu ya jirani ikajaa haraka, na hapo kijana akaonyesha ujuzi wake: jirani si chombo cha habari, akasema, tumuulize jirani naye aliipata wapi. Tangu siku ile tunauliza mara mbili.

Matokeo yalitupeleka kwenye kitu ambacho wote wawili walikidharau: ujumbe mfupi wa maandishi. Urefu wake wa herufi 160 wenyewe ulitokana na kuhesabu. Mwaka 1985, huko Bonn, Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta akapiga sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi, akaona karibu zote haziufikii urefu huo. Lakini hakuwa akiandika Kiswahili cha ofisini. "Ndugu mteja, tunapenda kukutaarifu kwamba" ni herufi 41 ukihesabu na nafasi, robo ya ujumbe imekwisha na hujasema neno.

Rasimu yetu ilikuwa na herufi 150, lakini bili ikaja mara tatu. Kijana akaikagua herufi kwa herufi. Tuliandika "vibao vya zamani vitang'olewa", na aliyechapa aliitoa kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hukipinda kile kikoma cha juu cha ng'. Kikoma kilichopinda hakimo katika orodha ya herufi za kawaida za simu, na kikiingia kimoja tu, nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya 67. Herufi 150 zikawa vipande vitatu, kila kimoja kinalipiwa. Kibonzo cha tabasamu hufanya vivyo hivyo. Andikeni kikoma kilichonyooka, au semeni "vitaondolewa".

Jambo la mwisho, namba zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa ya mtu itumike kwa kusudi iliyokusanyiwa. Namba aliyoitoa mteja ili apate huduma si ruhusa ya kumtumbukiza kwenye kundi la WhatsApp ambako wageni mia mbili wataiona. Kijana alikuwa ameshalifungua kundi hilo. Tulilifunga mchana ule ule.

Ndiyo maana madaftari yetu hayana majina wala simu, yana vijiti tu. Mama wa masijala ameyafungulia jalada. Folio namba moja ni ukurasa wa mlinzi, na duara la kikombe cha chai bado linaonekana juu ya Pongwe.