Mtoto njiti ana umri wa aina mbili

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito huitwa njiti. Jina ni moja, watoto hawafanani. Wa wiki 36 huenda akahitaji tu kufuatiliwa joto, sukari na unyonyaji. Wa wiki 27 mapafu yake bado hayana utelezi wa kutosha wa kuyazuia yasisinyae. Mzazi asilinganishe mwanawe na wa kitanda cha jirani. Muulize daktari kwanza alizaliwa na wiki ngapi, kilo zifuate.

Wodini, kinachowatisha wengi ni kengele za mashine. Mara nyingi waya tu umelegea mguuni. Lakini ni kweli pia kwamba njiti huweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Ndiyo sababu baadhi yao hupewa kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa, kwa kipimo cha daktari. Mrija wa kulishia nao usikuvunje moyo: kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa karibu na wiki 34. Kabla ya hapo mama akamue maziwa, mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Hata matone machache ya mwanzo yana kazi, maana maziwa ya mama hupunguza hatari ya ugonjwa mbaya wa utumbo unaowaandama watoto hawa.

Halafu kuna kifua cha mzazi. Matunzo ya kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyoelemewa na uhaba wa mashine za joto. Leo hayahesabiwi kuwa mbadala wa wasio na vifaa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri yaanze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye ana kifua.

Kabla ya kuruhusiwa, ulizeni tarehe za kupimwa macho na masikio. Cha macho msikikose kabisa: mishipa ya damu nyuma ya jicho la njiti inaweza kukua vibaya, na muda wa kuiwahi ni mfupi.

Nyumbani huanza hesabu inayowachanganya wengi, ya umri wa aina mbili: wa tangu siku aliyozaliwa, na wa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Ujauzito kamili huhesabiwa wiki 40, hivyo aliyezaliwa wiki 30 aliwahi kwa wiki 10. Akitimiza miezi sita, ondoa hizo wiki 10. Kimakuzi ni mtoto wa karibu miezi minne, na kutokukaa kwake si kuchelewa. Tumieni hesabu hii mpaka afike miaka miwili. Chanjo hazifuati hesabu hiyo: ratiba yake huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, isipokuwa daktari aseme vinginevyo.

Ila hesabu hiyo isiwe kichaka cha kujifichia. Kauli ya “atakaa tu, si njiti huyo” imechelewesha watoto wengi kupata msaada. Hata baada ya kuondoa wiki, mpelekeni mapema mkiona mwili umekakamaa au umelegea mno, ngumi zinazofumbwa muda wote baada ya miezi mitatu, macho yasiyofuata uso wa mtu, miguu inayopishana kama mkasi, kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au kukosa kukaa akiwa na miezi tisa. Si lazima iwe mtindio wa ubongo. Na mazoezi ya viungo hayahitaji kusubiri ugonjwa upewe jina.

Akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akibadilika rangi midomoni, akiwa baridi au wa moto kupita kawaida, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Chukueni na karatasi ya kuruhusiwa wodini. Daktari wa zamu asiyemjua atataka kujua wiki alizozaliwa nazo, uzito wake na kama aliwahi kuwekewa oksijeni.